UZI: Hitisinki za kimya kwa kompyuta ya prosesa mbili, kwa joto la Tanga

sauti_chumbageni:

Wakuu, salaam aleikum na habari za jioni.

Naomba msaada wa kuchagua hitisinki, yaani chuma cha mapezi cha kupoza prosesa. Mashine ni ya kuhariri sauti na video, itakaa chumba kimoja na maikrofoni, kwa hiyo kelele siitaki kabisa. Vilivyopo: bodi ya Supermicro kizazi cha X10 yenye soketi (vikalio vya prosesa) mbili za LGA 2011-3, saizi kubwa ya E-ATX. Prosesa mbili za Xeon E5-2680 v4, kila moja viini 14 na wati 120. RAM ya seva, vijiti 8 vya DDR4. Bodi imekuja na hitisinki za seva zisizo na feni, fupi, urefu milimita 64. Kasha ni la kusimama. Kutoka uso wa prosesa hadi ubavu wa kasha nimepima milimita 165.

Je, hizo fupi nizifungie feni juu nipate nafuu, au ninunue za mnara, zile ndefu zenye feni ubavuni? Zipi? Wakati wa kurekodi AC inazimwa, na msimu wa kaskazi kipimajoto cha ukutani kinasoma nyuzi 32.

---

fundi_ngamiani:

Dada, karibu. Kwanza ziweke kando hizo fupi. Hitisinki ya seva ya milimita 64 ina mapezi yaliyobanana sana kwa sababu imetengenezwa kusukumiwa upepo mkali kupitia mfereji wa plastiki, na feni ndogo zinazozunguka maelfu mengi kwa dakika. Ukiiwekea feni ya kawaida juu bila mfereji, upepo unapita njia rahisi, yaani pembeni, mapezi yenyewe hayapati kitu. Utaongeza mzunguko, kelele itapanda, joto litabaki palepale.

Za mnara ndizo. Lakini usikimbilie kusoma desibeli kwenye boksi. Kabla ya kutoa hela pima vitu vinne uniletee hapa:

Moja, umbali wa matundu ya skrubu kuzunguka soketi. LGA 2011 ina mipangilio miwili. Wa mraba ni milimita 80 kwa 80, wa mwembamba ni 56 kwa 94. Kwenye maboksi utakuta imeandikwa Square ILM na Narrow ILM (ILM ni fremu inayobana prosesa kwenye soketi). Prosesa ni ileile, soketi ni ileile, ila hitisinki ya mraba haikai kwenye mwembamba hata ufanyeje. Hapa ndipo watu wengi hutupa pesa, maana muuzaji anasema "ya 2011" na anaona amemaliza.

Mbili, soketi zimekaaje: kando kwa kando, au moja nyuma ya nyingine ukitazama kutoka mbele ya kasha kwenda nyuma?

Tatu, kutoka katikati ya soketi moja hadi katikati ya nyingine ni milimita ngapi.

Nne, nafasi za RAM zimesimama uelekeo gani. Upepo lazima uende sambamba na vijiti vya RAM. Ukiuelekeza uvikate, vijiti vinakuwa ukuta.

Rula ya shule inatosha. Usipime kwa macho.

---

kusi_kaskazi:

Kwa nini asiweke upozaji wa maji, zile zilizofungwa tayari kiwandani? Radieta kubwa, feni polepole, kimya kabisa. Wati 240 kwa maji ni kitu kidogo.

---

bi_mkwakwani:

Kaka kusi, kwa prosesa peke yake uko sawa. Kwa bodi ya namna hii siwezi kumshauri hivyo.

Zunguka soketi utazame: kuna koili na vipande vyeusi vya kugawa umeme wa prosesa, vimefunikwa na vihitisinki vidogo sana. Bodi za seva zinategemea upepo wa prosesa upite juu yake pia. Ukiondoa feni za prosesa ukaweka vichwa vya maji, eneo lile linabaki bila hewa, nalo ndilo linalochoka kwanza. Itabidi uongeze feni nyingine ya kulipuliza, kimya chote ulichonunua kinaondoka. Halafu pampu mbili zina mlio wake mwembamba usiokoma, na maikrofoni inaukamata vizuri kuliko mvumo wa feni. Na vifungo vya mpangilio mwembamba kwa vichwa vya maji si rahisi kuvipata.

Feni ikifa, hitisinki ya mnara bado ni chuma kikubwa chenye mirija ya shaba, unapata muda wa kuzima. Pampu ikifa, muda huo ni mfupi.

---

kusi_kaskazi:

Nimekuelewa dada. Hoja ya eneo la umeme nilikuwa siijui.

---

sauti_chumbageni:

Vipimo: matundu ni 56 kwa 94. Soketi zimepangwa moja nyuma ya nyingine, zimenyooka. Katikati hadi katikati 125. Vijiti vya RAM vinaelekea mbele-nyuma, viko pande zote mbili za kila soketi.

---

fundi_ngamiani:

Vizuri sana. Mpangilio wako ni mwembamba, na ule upande mrefu wa 94 unaelekea sambamba na RAM, kwa hiyo upepo utaingia mbele na kutokea nyuma.

Sasa tatizo lako kubwa: prosesa ya nyuma itapokea hewa iliyokwisha kupashwa na ya mbele. Tukadirie. Feni ya milimita 120 iliyopunguzwa mwendo ikipitisha mita za ujazo 50 kwa saa, hewa hiyo ikibeba wati 120 inapanda nyuzi 7 na kitu. Kwa hiyo chumba kikiwa 32, ndani ya kasha kukiwa 38, prosesa ya mbele inapozwa na hewa ya 38 na ya nyuma inapozwa na ya 45. Hitisinki nzuri kwa mwendo wa polepole inaongeza robo nyuzi kwa kila wati, yaani 30 kwa wati 120, na ndani ya prosesa yenyewe viini vinazidi kifuniko kwa nyuzi 10 hivi. Ya mbele inafika 78, ya nyuma 85. Inafanya kazi, lakini nafasi iliyobaki ni ndogo. Ndiyo maana ushauri wa Ulaya, ambako chumba kina nyuzi 20, usiuchukue mzimamzima. Zile nyuzi 12 za tofauti ndizo wao wanazozitumia kupunguza mwendo wa feni. Wewe inakubidi uzifidie kwa ukubwa wa hitisinki.

Kwa hiyo chukua kubwa kadiri kasha linavyoruhusu. Noctua wana familia ya DX i4 iliyotengenezwa kwa Xeon, vifungo vya mraba na vya mwembamba vyote vimo kwenye boksi. NH-U12DX i4 ina urefu wa milimita 158 na inabeba feni za 120. NH-U9DX i4 ina urefu wa 125, feni za 92. NH-D9DX i4 3U ni 110, hiyo ni kwa makasha ya kulala. Una 165, basi U12DX inaingia na milimita 7 zinabaki. Hakikisha tu ubavu wa kasha hauna feni wala kingo iliyoingia ndani.

Supermicro nao wanayo SNK-P0050AP4, bei nafuu zaidi na inapatikana mtumba, mnara mzuri tu, ila feni yake ya 92 ni ya seva na inavuma. Ukiipata kwa bei ya kutupa, badilisha feni.

---

sauti_chumbageni:

Feni ya 120 haitagonga RAM? Minara inatoka nje juu ya vijiti.

---

fundi_ngamiani:

Hesabu yake: mnara 158 toa feni 120, inabaki 38. Huo ni umbali wa ukingo wa chini wa feni kutoka uso wa prosesa, feni ikiwa juu kabisa sawa na mnara. Uso wa prosesa wenyewe uko juu ya bodi kwa milimita kama 7. Jumla 45. Kijiti cha DDR4 cha seva kina kimo cha milimita 31, kikikaa kwenye nafasi yake kinafika 34 au 35. Kwa hiyo feni inapita juu ya RAM na kidole kinabaki. Ingekuwa RAM ya michezo yenye mabawa marefu, hapo ndipo ingegonga.

Ila weka RAM yote kwanza, ijaribu, ndipo ufunge hitisinki. Baadaye kuchomoa kijiti cha karibu na soketi ni kazi ya kushusha feni.

---

bi_mkwakwani:

Naongezea kuhusu feni ngapi, maana hapa watu hudhani nyingi ndiyo baridi.

Katikati hadi katikati ya soketi zako ni 125. Angalia kwenye karatasi ya vipimo kina cha mapezi. Ukikuta 70, basi baina ya mapezi ya mnara wa mbele na ya mnara wa nyuma inabaki 55. Feni ni 25. Ukijaza feni mbili hapo zinabanana na milimita 5 tu, na feni inayovuta hewa kutoka kwenye mapezi yaliyoigusa hutoa mlio wa filimbi. Weka feni moja tu hapo katikati, ifunge kwenye uso wa mbele wa mnara wa nyuma. Mbele yake patabaki milimita 30 wazi. Hizo 30 zina kazi mbili: filimbi inaondoka, na hewa baridi kidogo ya pembeni inajichanganya na ile ya moto kabla haijaingia mnara wa pili.

Kwa hiyo feni moja mbele ya mnara wa kwanza, moja katikati, na feni ya kutolea ya kasha iwe nyuma kabisa, kimo kilekile cha minara. Mbele ya kasha ziwe mbili za 140 za kuingiza. Uingizaji uzidi utoaji kidogo, vumbi litapita kwenye chujio badala ya kuingia kwenye kila upenyo.

Kuhusu kelele yenyewe, jambo la kukumbuka ni kwamba ukipunguza mwendo wa feni nusu, kelele yake inashuka karibu desibeli 15. Ukiongeza feni ya pili inayolingana, kelele inapanda 3 tu. Feni mbili za polepole ni kimya kuliko moja ya mbio, kwa mbali sana.

---

pongwe_juu:

Wakuu, sisi wa huku Pongwe vumbi la chokaa ni la kila siku. Chujio lipi? Na chumvi ya bahari inaharibu hitisinki au ni maneno tu?

---

fundi_ngamiani:

Chumvi si maneno. Mapezi ni aluminiamu, mirija ni shaba, na metali hizo mbili zikigusana penye unyevu wa chumvi aluminiamu inaliwa. Utaona unga mweupe pale mrija unapopenya pezi. Pezi likiachana na mrija, joto haliendi mbali, na feni safi haitakusaidia. Chagua hitisinki iliyopakwa nikeli yote na mapezi yake yameunganishwa kwa lehemu, si ya kubanwa tu. Shaba iliyo wazi inageuka kijani. Anayekaa Raskazone asiweke mashine chini ya dirisha linalotazama bahari, hilo peke yake ni kinga kubwa.

Chujio: nailoni nyepesi, ya kuchomoa na kuosha, iwe mbele tu. Zile za sponji zinabana upepo na feni inapandisha mwendo. Kwa Pongwe osha kila wiki mbili, ikauke kabisa kabla ya kurudisha. Vumbi la chokaa likikutana na unyevu hugandamana kwenye mapezi, blowa haliondoi, linataka brashi laini.

---

sauti_chumbageni:

Nimefunga U12DX mbili kama mlivyoelekeza. Mambo mawili. La kwanza, feni zinashuka vizuri, zinanyamaza, halafu ghafla zote zinavuma kwa nguvu sekunde chache, zinashuka tena, zinavuma tena. Haziachi. La pili, bodi inaonyesha vijiti 7 vya RAM badala ya 8.

---

bi_mkwakwani:

La kwanza ni jambo linalojulikana, feni ni nzima. Bodi ya seva ina kompyuta ndogo ya ulinzi inayosoma mwendo wa feni. Imepangwa kwa feni za seva zisizoshuka chini ya mizunguko mia kadhaa. Feni yako ya kimya ikishuka chini ya kizingiti, bodi inaamini imekufa, inazipeleka feni zote mwisho. Mwendo ukipanda inaona feni imefufuka, inashusha. Ndiyo hiyo nenda-rudi.

Shusha kizingiti. Kwenye Linux, sakinisha ipmitool, programu ya kuongea na hiyo kompyuta ndogo, kisha kwa kila feni:

`ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300`

Badilisha FAN1 kuwa FAN2 na kuendelea, kulingana na ulipochomeka. Tumia namba za mamia kamili, kwa sababu bodi inasoma kwa hatua, si kwa mzunguko mmojammoja. Kisha thibitisha kwa `ipmitool sensor`. Feni za prosesa zichomeke FAN1 na FAN2. Zile zenye herufi, FANA na wenzake, bodi inazihesabu kundi la pili na zinaongozwa tofauti. Hali ya feni iache kwenye Optimal.

Utakutana mtandaoni na amri za kuweka asilimia ya feni moja kwa moja. Zinafanya kazi, lakini ukiziweka mwendo unabaki pale hata prosesa ikiwaka. Usizitumie bila programu inayosoma joto na kurekebisha. Kwa chumba cha nyuzi 32 hilo nasisitiza.

---

fundi_ngamiani:

La pili ni skrubu zako, na usiruhusu mtu akwambie kijiti kimekufa kabla hujalijaribu hili. Prosesa ya 2011 inakaa juu ya sindano 2011, na baadhi ni njia za RAM. Hitisinki ikibana upande mmoja kuliko mwingine, sindano za upande uliolegea hazigusi sawasawa na kijiti kizima kinapotea.

Zima, chomoa waya wa umeme, ngoja ipoe. Legeza hitisinki ya prosesa yenye RAM pungufu, izungushe kidogo kulia-kushoto huku unainua. Usiivute kwa nguvu moja kwa moja juu. Tazama pesti, ule uji wa kupitisha joto baina ya prosesa na hitisinki: ikiwa imetandazwa nyembamba upande mmoja na nene upande mwingine, jibu umelipata. Fungua pia mikono miwili ya soketi, inua prosesa kwa kingo, itazame isije ikawa na pesti chini yake, irudishe.

Futa kwa spiriti ya aisopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Weka tone katikati la ukubwa wa choroko, na vitone vinne vidogo kuelekea pembe, maana kifuniko cha prosesa hizi ni kipana. Usipake kwa kadi, hewa inanaswa ndani. Kisha skrubu: anza zote kwa vidole hadi zishike. Halafu bisibisi nusu mzunguko upande huu, nusu mzunguko upande wa pili, hivyohivyo hadi zisimame zenyewe. Springi zina kikomo chake, ukifika hapo acha.

---

sauti_chumbageni:

Vijiti 8 vimeonekana. Pesti ilikuwa nene upande wa kushoto kama ulivyosema. Kizingiti nimeshusha, kuvuma kumekoma. Ahsanteni sana.

Kimebaki kitu kimoja: kuna mngurumo unaokuja na kuondoka, wuu… wuu… wuu, kama mara mbili kwa sekunde. Ni mdogo, lakini kwenye rekodi unasikika.

---

bi_mkwakwani:

Ni feni mbili zinazokaribiana mwendo bila kulingana. Chukua feni ya mabawa 7 kwa mizunguko 900: inapiga hewa mara 105 kwa sekunde. Mwenzake akiwa 920 anapiga 107. Sauti hizo zikikutana zinapandana na kuachana mara mbili kwa sekunde, ndiyo wuu yako. Kuzifanya zilingane haiwezekani, feni za aina moja kwa amri moja bado hutofautiana kidogo.

Zitenganishe. Ya nyuma, yenye hewa ya moto, iache 950. Ya mbele ishushe iwe 800. Tofauti ya 150 inatosha, sikio halisikii tena mapigo. Kama bodi haikuruhusu kuzitofautisha, ya mbele iwekee ule waya mfupi wa kupunguza mwendo unaokuja kwenye boksi.

Baada ya hapo mpe prosesa kazi nzima kwa dakika 30, si 5, maana chuma kikubwa na kasha huchelewa kupata moto:

`stress-ng --cpu 56 --timeout 30m`

56 ni viini 28 mara mbili, kwa kuwa kila kiini kinashika kazi mbili kwa pamoja. Soma joto kwa `ipmitool sdr type Temperature`, na uandike pia joto la chumba kwa wakati huo, bila hilo namba hazilinganishiki. Tofauti ya nyuzi 6 hadi 9 baina ya prosesa ya mbele na ya nyuma ni ya kawaida kwa mpangilio wako. Ikifika 15, rudia pesti ya ile yenye moto.

---

kusi_kaskazi:

Na kama kaskazi ikimzidia?

---

fundi_ngamiani:

Azime Turbo (prosesa kujiongezea mwendo) kwenye bayosi, yaani mipangilio ya bodi, wakati wa kurekodi, arudishe wakati wa kutoa video. Au atafute E5-2650L v4: viini 14 vilevile, wati 65 badala ya 120, ila mwendo wa msingi ni 1.7 GHz dhidi ya 2.4. Kwa sauti inatosha, kwa video utaisubiri. Hata Luku itakuambia tofauti.

---

sauti_chumbageni:

Feni ya mbele 800, ya nyuma 950. Wuu imekwisha. Baada ya dakika 30, chumba 31: ya mbele 74, ya nyuma 81. Wiki ijayo mashine nyingine kama hii inatoka Dar kwa basi ikiwa imefungwa hitisinki tayari. Kuna la kuangalia?

---

fundi_ngamiani:

Mwambie anayetuma azifungue minara yote miwili na kuifunga kwenye boksi lake. Akikataa, kasha lisafiri limelazwa ubavu, bodi ikiwa chini na minara imesimama wima, na ndani pajazwe sponji kuzunguka minara. Likisimama, kila tuta hadi Tanga linavuta uzito wa minara kwenye soketi. Likifika, toa sponji yote kabla ya kuwasha, na ukague RAM zote zinaonekana kabla hujampa dereva risiti yake.